Hodi ya Tatu: Maisha ya Fundi Alfonsi Chitanda, 1934–1977

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 3 Mei 1934 katika kijiji cha Chiwale, Masasi, mtoto wa kwanza wa Mzee Albano na Mama Rosalia. Alisoma Ndanda hadi darasa la nane. Huko aliifungua saa ya ukutani ya mwalimu apate kujua kinachoifanya igonge. Akachapwa, kisha akairudisha ikafanya kazi. Mwalimu akaweka fimbo chini, akaanza kumletea redio yake.

Mwaka 1956 alikuja Dar es Salaam kujifunza ufundi. Tarehe 20 Agosti 1960 alifunga ndoa na Filomena, kanisani Chang'ombe, wakajenga Mtoni. Tangu 1962 alikuwa fundi katika ofisi moja Barabara ya Pugu, iliyokuja kuwa shirika la umma. Simu, mashine za kuchapa, mashine za kupigia hesabu, zote zilikuwa juu yake peke yake.

Alipanga asubuhi iwe ya kufungua na kusafisha mashine kuukuu, wenye shida waje mchana. Mpango huo haukuwahi kufika saa nne. Huyu utepe umemkwamia, yule simu yake inakoroma. Na marehemu alikuwa na udhaifu: mtu akishamsalimia na kumwulizia mama watoto, hakuweza tena kumwambia asubiri. Meneja wake, Bwana Revelian, akipita husema, "Alfonsi, hiyo mashine bado iko uchi tu mezani?" Watu hucheka, yeye huona haya. Mshika mbili moja humponyoka, na kwake iliyoponyoka daima ni ile aliyoipanga.

Basi akabuni njia. Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, huenda zake. Fundi akaanza kufunga mlango asubuhi, asiitikie. Kazi ikasonga, akajiona mjanja.

Jumatano tarehe 12 Machi 1969, akiwa ameibana springi ndogo kwa koleo, alimsikia Mwajabu, opereta wa simu, mlangoni.

"Hodi, Kaka Alfonsi! Hodi! Hodi jamani!"

Sauti aliitambua. Alijua pia kwamba akiinua kichwa, springi itaruka. Akanyamaza. Mwajabu, binti aliyelelewa akaleleka, hakusukuma mlango asipokaribishwa. Alidhani ametoka, akarudi kwenye simu yake.

Kule posta ya Masasi, Mama Rosalia, akipelekwa hospitali, alikuwa ameomba wasimame kwanza amsikie mwanawe. Aliishikilia simu mpaka laini ikakatika. Mchana mlango ulipofunguliwa, Mwajabu alimkuta fundi mezani, akampa habari ya simu ya mama yake, kisha akauliza tu, "Kumbe ulikuwamo?" Marehemu alisema angeona nafuu kama angetukanwa. Akapanda basi la kusini, mvua ikalikwamisha kivukoni Ndundu, na alipofika Chiwale alikuta kaburi. Palepale akawaambia ndugu zake, "Nilikuwamo. Nilisikia. Nikanyamaza."

Tangu hapo mlango wake haukufungwa tena. Hata kabla hodi ya kwanza haijamalizika kutamkwa, alikuwa ameshajibu karibu, na mashine zikazidi kulundikana. Ndipo Bwana Revelian alipoacha mzaha, akaamuru kila mwenye shida ampigie kwanza Mwajabu. Mwajabu akawa ndiye anayeamua.

"Lako la mchana, bwana. Fundi yumo kazini," husema, wala hakuna aliyembishia.

Kazi ikanyooka. Aibu haikunyooka. Kwa miaka minane marehemu alizungumza na Mwajabu huku akiangalia mikono yake mwenyewe. Filomena alimsihi mara nyingi, "Baba Fransis, mtazame dada wa watu. Hana kinyongo." Hakuweza.

Mwezi Juni mwaka huu alipatwa na kiharusi, kikamnyang'anya mguu na ulimi. Juzi Mwajabu alikuja Mtoni kumjulia hali. Filomena alikuwa bombani. Akapiga hodi, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Marehemu alisikia, lakini ulimi haukumtii. Safari hii Mwajabu hakwenda zake. Alisukuma mlango, akaingia, akavuta kigoda karibu na kitanda.

"Najua umo, kaka," alisema.

Marehemu alimtazama usoni. Alifariki jioni hiyo, Jumapili tarehe 14 Agosti 1977.

Ameacha mjane, Filomena. Watoto watatu, Fransis, Demetria na Rosalia mdogo. Na mdogo wake Yuliana, anayewasomea haya.

Ee Bwana, Alfonsi yuko mlangoni pako. Mkaribishe kwa hodi ya kwanza, apumzike kwa amani.