Kila Kichwa na Kofia Yake: Desmond Purslow Astaafu

Jarida hili halijatoka tangu Krismasi, na wasomaji wana haki ya kuombwa radhi. Mhariri alilizuia toleo akitumaini kwamba wakurugenzi wangeamua hatima ya meza ya boneti, panapotengenezwa boneti za magari yetu, kabla mwenye meza hajaondoka, ili habari hizo mbili zitoke pamoja. Wakurugenzi hawajaamua. Kalenda nayo haikuwangoja.

Basi ifahamike kwamba Bw. Desmond Purslow wa Karakana ya Bati alistaafu Ijumaa, tarehe 28 Machi, baada ya kukitumikia kiwanda cha Tedstone, hapa Clunbridge, kwa miaka arobaini na minne. Alikuja mwaka 1981 akitoka kwa watengenezaji wa madebe ya maziwa. Aliyemwajiri alisema kwamba mtu awezaye kutengeneza debe lisilovuja hatashindwa na gari. Debe, kama Des mwenyewe alivyopenda kukumbusha, lilikuwa kazi ngumu zaidi, kwa sababu mteja wake alikuwa mkulima.

Wageni wanaotembelea kiwanda huuliza sikuzote kwa nini boneti moja ichukue siku nyingi. Des aliwajibu kwa subira ambayo mhariri hana. Gari letu huwa mbao kabla halijawa bati. Maseremala wa banda la juu huunda mifupa yake kwa mikono, na mbao hazifanani, kama watu wasivyofanana. Kwa hiyo kila boneti hupimwa juu ya gari lake, hugongwa na kukunjwa kwa ajili ya gari hilo, na hukataa kukaa juu ya gari jingine lolote duniani. Des aliliviringisha bati kati ya magurudumu mawili ya chuma, akaligonga kwa nyundo ya mbao, kisha akalipiga ukucha na kusikiliza. Yeye ni mpiga kengele wa kanisa la Mtakatifu Oswaldi, na alishikilia kwamba bati lililovutwa kupita kiasi hutoa sauti ya kengele yenye ufa. Wengi tulijaribu kuisikia sauti hiyo. Tuliitikia kwa kichwa na kurudi kwenye kazi zetu.

Wasifu usiotaja kosa ni tangazo la biashara, na Des asingetusamehe tukiliacha kosa lake, kwani yeye mwenyewe amemsimulia kila mwajiriwa mpya. Mwaka 1994 magari mawili ya kijani yalisimama sambamba katika Karakana ya Bati. Kama ijulikanavyo, ua wetu umeinama, na magari husukumwa kwa mikono kutoka banda moja hadi jingine. Des alipokwenda kula, wasukumaji waliyahamisha yote mawili ili kupitisha la tatu, wakayarudisha kwa kubadilishana nafasi. Des alikuwa amelipima la kushoto. Aliporudi, akaendelea na lililokuwa kushoto, bila kujua kwamba sasa ni gari jingine. Ilitoka boneti nzuri sana, nusu ya gari moja na nusu ya jingine, nayo ilipowekwa ilisimama upande mmoja kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

Mtu mwingine angeanza upya. Des aliibeba ile boneti kichwani, akapanda nayo hadi banda la juu kwa Bw. Gwilym Probert, msimamizi wa maseremala, mtu wa Wales ambaye hajakubali hadi leo kwamba Mwingereza anaweza kupima kitu.

“Des, mzee wangu, hebu nikuelewe,” Probert alisema. “Umeshona kofia, haiingii kichwani, sasa umekuja nichonge kichwa?”

“Kidogo tu, Gwil. Hapo juu ya sikio.”

“Na mwenye kichwa umemuuliza?”

“Mwenye kichwa anakuja Jumamosi. Ndiyo maana nakuuliza wewe.”

Probert alichonga. Mbao zilipopunguzwa, mlango ukakataa kufunga. Mlango ulipopigwa randa, kioo cha mbele kikakaa mshazari. Kioo kiliponyooshwa, dashibodi ikalia kila ilipoguswa. Mwenye gari alipofika Jumamosi alikuta mafundi wa mabanda manne wamelizunguka gari lake bila kusemezana. Mwishowe mbao mpya zilikatwa, na Des akatengeneza boneti nyingine, jambo ambalo alipaswa kulifanya tangu Jumatatu. Aliwanunulia wote bia katika baa ya darajani, na tangu siku hiyo kazi yoyote inayofanywa kinyumenyume hapa kiwandani huitwa kuchonga kichwa.

Sifa zake nyingine hazihitaji maneno mengi. Gari letu la mwaka 1953 lililorudishwa kutoka Ureno, likiwa limeangukiwa na ukuta wa zizi, lina boneti yake ya awali kwa sababu Des alikataa kuitupa, akainyoosha majira yote ya baridi. Aliongoza timu yetu ya kriketi kushindwa kwa heshima. Na kwa miaka minne iliyopita alimfundisha kazi Bi. Tamsin Rudge, aliyehama Karakana ya Rangi kwa hiari yake, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, baada ya kusema kwamba amechoka kupaka rangi uzuri wa watu wengine.

Hapo ndipo penye suala ambalo wasomaji wanalingojea. Mwaka jana, msimu wa majani kupukutika, wakurugenzi walipendekeza boneti zinunuliwe nje, zikiwa zimekandamizwa kwa mashine. Sababu zao si za kipuuzi. Wateja wetu hungoja muda mrefu, na meza ya Des ndiyo inayowangojesha zaidi. Bi. Harriet Tedstone, mkurugenzi mkuu na mjukuu wa mwanzilishi, hakutuma taarifa. Alikuja mwenyewe mezani, kikombe cha chai mkononi.

“Zitakuja zote sawa, Des. Hazitapishana hata unywele.”

“Naamini, bosi. Kisha?”

“Kisha maseremala watachonga mbao zizifuate.”

Sauti ya Probert, aliyekuwa ameteremka kuazima tupa, ikatoka nyuma ya gari: “Mmesikia, jamani? Kumbe Des alikuwa nabii. Sasa tunachonga vichwa vya ukoo mzima.”

Watu walicheka, na Bi. Tedstone akacheka pia, kwa kuwa hadithi ile aliisikia tangu akivaa sare ya shule. Des hakucheka.

“Mimi nilichonga kimoja, na wiki nzima ikaenda na maji,” alisema. “Lakini usinisikilize mimi, bosi. Mimi ni mtu wa kuondoka. Muulize huyu anayebaki.”

Bi. Tedstone akamgeukia Bi. Rudge. “Meza hii utaiweza peke yako?”

“Nikipewa, naiweza. Nisipopewa nitarudi kwenye rangi. Kule wananipenda, ila hawaniachii nyundo.”

Bi. Tedstone hakuahidi kitu. Aliagiza magari mawili yatengenezwe, moja kwa boneti ya Bi. Rudge, jingine kwa boneti ya kununuliwa, kisha wakurugenzi wayaone yote mawili yakiwa yamekamilika. Haki inadai isemwe kwamba boneti iliyonunuliwa ni kitu kizuri, laini kama yai. Gari la Bi. Rudge limekwisha kupakwa rangi. Lile jingine, toleo hili likienda kuchapishwa, bado liko kwa Bw. Probert, ambaye anapiga randa na kuimba.

Siku ya mwisho Des alipewa heshima yake kama walivyopewa waliomtangulia. Aliketishwa katika gari la mwisho alilolifanyia kazi, injini ikiwa imezimwa, na kiwanda kizima kikalisukuma kuteremka ua hadi langoni. Kwa desturi, kisanduku cha zana za mstaafu huwekwa kwenye kiti cha pembeni, maana fundi hununua zana zake mwenyewe na huondoka nazo. Cha Des kiliwekwa. Langoni alikuwako mkewe, Bi. Lorraine, aliyekuja kumchukua. Alikinyanyua kisanduku kwa mikono miwili, akijiandaa kwa uzito, nusura ajipige nacho kidevuni. Akakifungua. Kilikuwa na kikombe cha chai na kipande cha keki ya zabibu kilichofungwa vizuri.

“Nyundo zako ziko wapi, Des?”

“Kazini.”

“Na wewe je?”

“Mimi nimestaafu, mke wangu. Zenyewe bado.”

Wasomaji wapya waelezwe kwamba zana zilizoachwa mezani ni mali ya fundi anayefuata, na kwamba meza yenye zana haiondolewi. Jambo hilo halimo katika kanuni yoyote ya kiwanda. Hata hivyo, mhariri amekuwa hapa muda mrefu kuliko kanuni nyingi, na hajaliona likivunjwa. Bi. Tedstone, aliyekuwa akisukuma upande wa kulia kama wengine, alikitazama kile kisanduku, akamtazama Des, akasema tu kwamba keki ile ilionekana nzuri.

Bw. Purslow, tunakushukuru kwa boneti zako zote, hata ile ya kijani. Kengele zako na zilie bila ufa, bustani yako izae vitunguu vya kuwatia wivu majirani, nawe na Bi. Lorraine muishi kwa afya na utulivu, bila kupimiwa kofia ya mtu mwingine.

Wakurugenzi watakutana baada ya Pasaka. Watakapoamua, jarida hili litaandika uamuzi wao bila kuuchelewesha tena. Hadi asubuhi ya leo, hakuna aliyegusa zana zilizo juu ya meza ya boneti, isipokuwa nyundo ya mbao, ambayo Bi. Rudge anaitumia.