Safari Hii na Paka

Ndani ya basi la Winnipeg, Darlene alijifanya anatazama theluji, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Bibi mmoja alikuwa akimsuta binti aliyepakata kikapu cha paka.

"Wenzio wakimkimbia mume hubeba nguo, wewe umebeba paka?"

"Bibi, nimeshatoka mara mbili. Kila nikitoka ananitumia picha ya huyu paka, kamkaba shingo. Narudi."

"Na hiyo nyumba ya wanawake waliopigwa unakokwenda inapokea paka?"

"Siku hizi paka wana chumba chao."

"Makubwa! Kodi zetu zinalisha paka!" Mdomo ulilalamika, mikono ikikifunika kikapu kwa skafu yake mwenyewe.

Basi likasimama.

"Usirudi kule, mwanangu."

"Nikafuate nini, bibi? Paka ninaye."