Marehemu Nurdin Zuber na Kilima cha Isongole

“Tukuyu nzima imeshapanda gari langu, hata mbuzi wa Anyosisye kapanda, isipokuwa dada yangu wa tumbo moja!”

Hayo aliyasema marehemu Nurdin Zuber sikukuu ya Idi, mwezi wa sita mwaka huu, akiwa amesimama mlangoni kwa dada yake na funguo mkononi, pilau ya wageni ikipoa.

“Mbuzi hakuulizwa,” dada yake, Mwanaamina, akamjibu. “Mimi nina hiari yangu. Kaa chini ule.”

Alikaa, akala, funguo akazirudisha mfukoni. Hakuomba tena. Wasifu huu umeandikwa na dada huyo, na mtamwia radhi akikawia penye gari, maana maisha ya Nurdin hayasimuliki ukiliruka gari lile.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Mei 1979 nyumbani kwao hapa Tukuyu mjini, mtoto wa mwisho wa Mzee Zuber Sadalla, fundi cherehani aliyetoka Kilwa mwaka 1966, na Bi Mwanajuma. Masika ya mwaka ule maji yaliingia mpaka uvunguni, na mkunga alifika miguu peku, viatu kichwani. Mwanaamina alikuwa na miaka minane. Ndiye aliyembeba mgongoni mpaka mtoto mwenyewe alipokataa kubebwa.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa mjini, 1987 hadi 1993. Hesabu aliziweza, mwandiko wake ulikuwa kama kuku kapita. Akiwa darasa la nne aliifungua cherehani ya baba yote, apate kuona uzi unakamatwa wapi, akairudisha kabla ya magharibi. Skrubu moja ikabaki. Mzee hakumpiga. Aliitia kwenye kopo, akasema, “Siku cherehani ikikataa tutajua pa kuanzia.” Haikukataa mpaka Mzee anafariki.

Mwaka 1994 alikwenda Uyole kujifunza umakanika, na mwaka 2001 akafungua gereji yake njia ya Lufingo. Malori ya viazi ya Isongole yalimjua, pikipiki za bodaboda zilimjua. Aliyeharibikiwa njiani hakumwacha, hata kwenye mvua.

Tarehe 18 Desemba 2004 alimuoa Nusrat Yussuph wa Mbeya. Wakati wa kurudi na bibi harusi, gari la kuazima lilikata pumzi kwenye mpando wa Isongole. Gia ya tatu ikashindwa, ya pili ikashindwa, ya kwanza ikatoa moshi. Mwanaamina akateremka na kitenge chake kipya, akasukuma, na mdomo nao haukulala: “Fundi gani wewe unayeoa kwa kusukuma? Hata gari limeona huna uwezo!”

Wakwe walicheka. Nurdin hakucheka. Alifuta mikono kwenye kanzu yake ya harusi, akasema taratibu, “Dada, kilima hiki nitakupandisha siku moja, gia ya tatu, bila kushusha.” Wengine wote walisahau. Yeye hakusahau.

Mwaka 2017 alinunua Mark II iliyokuwa imelala juu ya matofali, mtama wa kuku umeota ndani. Alikuwa na rafiki zake wawili, Godwin, dereva wa lori la viazi, na Anyosisye, mchomeleaji. Walikusudia kuifunga turbo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kiishindilie injini hewa, maana huku kwetu juu hewa ni nyepesi na injini huhema kama mzee mwenye mzigo. Kila Jumapili, Godwin na Anyosisye wakitoka kanisani, walikutana gereji.

Turbo waliitoa kwenye pikapu iliyopinduka. Kifaa cha kupoza hewa hiyo kabla haijaingia kwenye injini hawakukipata popote, basi Anyosisye akachukua keni ya maziwa ya mama yake, akaikata, akaiunga. Waliisafisha mara moja tu. Siku ya kwanza ya kuwasha, gereji nzima ilinuka maziwa yaliyoungua. Mama Anyosisye, Bi Tulinagwe, alikuja ameshika kiuno: “Hilo gari lenu halitaki petroli, linataka ndama! Keni yangu iko wapi?” Nurdin alimpeleka sokoni siku ile ile, akachagua keni mpya mwenyewe.

Gasketi ya silinda hedi iliungua mara tatu, kwa sababu vijana hawa wa miaka arobaini walikuwa hawajui kutosheka. Turbo ikisukuma vizuri, wanataka isukume zaidi. Miaka minne ilipita. Mwanaamina akipita na beseni la vitumbua alisimama barabarani na kuwaambia watu wasikie: “Hilo ni jeneza la bati. Na mimi nikiwa hai sipandi jeneza.” Leo, mbele ya jeneza, neno hilo analijutia, na hapa analiomba radhi.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2021 gari lilipanda mpaka Isongole kwa gia ya tatu. Tangu siku ile marehemu alikuwa akija na funguo. Mara mvua, mara miguu inauma, mara vitumbua vinaungua. Dada hakukosa la kusema. Ukweli ni kwamba aliona haya kukiri kuwa alikosea.

Kuhusu ugonjwa, Nurdin alikuwa na presha na hakuijali. Kwenye gari aliweka kipimo cha kutazama turbo inasukuma kiasi gani, na jicho halikubanduka hapo. Yeye mwenyewe hakupimwa miaka sita. Mwezi wa nane alimwambia dada yake kichwa kinamuuma tangu Ijumaa. Dada akamjibu, “Ni moshi wa jeneza lako.” Angeweza kumwambia aende zahanati. Ni mwendo wa dakika kumi.

Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025 alianguka gereji na spana mkononi. Kiharusi. Godwin na Anyosisye walimpakia kwenye Mark II, Nusrat akiwa nyuma amemshika kichwa, wakampeleka hospitali Mbeya. Daktari alisema siku ile hawakuchelewa. Iliyochelewa ni miaka. Nurdin hakusema tena. Mkono uliobaki ukisogea ni wa kushoto, ule wa gia, na Mwanaamina aliushika mpaka alfajiri ya Jumanne tarehe 16, Mwenyezi Mungu alipomchukua mja wake.

Ameacha mjane, Nusrat. Watoto wawili, Kheri, anayesomea ufundi Dar es Salaam, ambaye ndiye tuliyekuwa tukimsubiri, na Siham, wa darasa la sita. Na dada yake. Ameacha pia Godwin na Anyosisye. Si wa damu, lakini orodha bila wao ingekuwa ya uongo.

Jana maiti ilipotoka Mbeya, nafasi kwenye basi la wafiwa ilikuwepo. Mwanaamina aliipita, akafungua mwenyewe mlango wa mbele wa Mark II.

“Dada, una hakika?” Godwin akauliza.

“Washa.”

Walifuata nyuma ya gari la maiti taratibu mpaka chini ya mpando wa Isongole. Hapo Mwanaamina akasema, “Simama. Waache watangulie.” Gari la maiti likapotea kwenye kona. “Sasa panda. Gia ya tatu, na usishushe.”

Turbo ikapiga mluzi. Migomba ikapita, mashamba ya viazi yakapita, na pale aliposukuma mwaka 2004 pakapita kabla hajamaliza kupatazama. Godwin hakushusha gia. Kule juu Mwanaamina alisema, “Kumbe.” Aliyestahili kulisikia neno hilo alikuwa mbele yao, kimya.

Kwa ada yetu, anayemdai marehemu aione familia, na anayedaiwa naye vilevile. Dada yake hamdai; alichoahidiwa siku ya harusi amekipata. Na kiti cha mbele alichokuwa akidaiwa tangu 2021 amekikalia jana, kwa kuchelewa. Nurdin, mdogo wake, ampokee hivyo hivyo.

Apumzike. Kilima kimekwisha.