Koo la Mwalimu Xaveri

Kijiwe chetu cha Nyaishozi kina benchi moja tu, na leo limebeba jambo zito. Mwalimu Xaveri, aliyefundisha kwaya ya kigango mpaka wasiojua kuimba wakaimba, saratani ya koo imemrudia. Mara ya kwanza alipigwa mionzi akapata nafuu. Sasa madaktari wa Mwanza wanataka kumpasua, ila kwanza wampime upya: kamera kooni, picha za shingo na kifua, wajue imefika wapi. Basi la kwenda huko ni kesho alfajiri, na yeye kagoma kwenda. Tangu mkewe Celestina afariki anaishi peke yake. Sauti imekauka, humsikii mpaka umwinamie, kwa hiyo tunamsemea sisi, tena hovyo hovyo.

— Koo si lile lile? — alianza Projestus, tunayemwita Redio. — Walishaliona. Wanatafuta nini tena?

— Ugonjwa umehama, — akasema Rwezaura, fundi baiskeli, hapa kijiweni Injinia. — Ukipigwa mionzi unakimbia. Saa hizi uko mgongoni.

— Umepitia wapi?

— Ulipita akiwa amelala.

— Acheni upuuzi! — Deodatha mwenye birika alimsogezea Xaveri uji wa vuguvugu, maana kahawa ya moto haipiti tena. — Mnyauko ukirudi shambani, wewe unakata mgomba mmoja ukaenda kulala? Si unakagua kwanza shina kwa shina?

— Mgomba hauna shingo, jamani waitu! — alidakia Redio. — Mimi nawaambia, kamera ndiyo inayouamsha. Ule mwanga wake! Ugonjwa unadhani kumekucha.

Xaveri alicheka bila sauti, mabega yakimtikisika. Tulifurahi kumwona anacheka, na roho zikatuuma papo hapo.

Niyonsenga, kibarua aliyehamia juzi kutoka Kyerwa, alikuwa anakunywa kahawa mwisho wa benchi. Akaweka kikombe chini.

— Shikamoo, mwalimu. Samahani wazee. Huko Mwanza daktari akimuuliza maswali, nani atamjibu?

Tangu ugonjwa urudi tumelijadili koo hilo kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kuuliza mwenzetu anasindikizwa na nani. Niliona aibu, nikatazama viatu vyangu.

Xaveri akanong'ona. Tulimwinamia wote.

— Ndiyo maana siendi.

Deodatha alijifuta macho kwa kanga. Redio alikohoa, akauliza taratibu, kama si yeye:

— Kesho nije kukugongea saa ngapi?

Xaveri akamshika mkono.

— Saa kumi. Ila daktari usimwambie habari za mwanga.