Mahali Mkono wa Dubravka Ulipoparuka

Dada yangu, Dubravka Šestan, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 hapa kijijini Donja Lipica, mtoto wa kwanza wa Tomo na Jaga. Baada ya shule ya kijiji alisomea umeme mjini Sisak, msichana peke yake kati ya wavulana ishirini na sita. Aliwashinda wote, na mezani hakuacha kutukumbusha.

Oktoba 1991 vita vilimchukua baba. Hakurudi, wala mwili wake haukuonekana. Ndiyo sababu mwaka 1998 Dubravka alijiunga na wateguaji wa mabomu ya ardhini. "Nitapita kila shamba mpaka nimpate nimzike," alimwambia mama. Mwaka 2001 aliolewa na Mladen, mfuga nyuki, wakajaliwa binti, Lucija.

Mwaka 2011 akawa mwalimu wa wateguaji. Uwanja wa mafunzo ulikuwa shamba la miplamu la jirani yetu. Mwenzake kazini, Vinko, alifunga vihisi kwenye mashine ya mkononi ambayo Dubravka alifagilia juu ya ardhi kutambua mabomu, na kompyuta ikaonyesha kila ilipo: kushoto au kulia, mbele au nyuma, na kimo chake kutoka ardhini. Palipopitwa sawasawa pakawa kijani. Katika kipande cha mita moja kwa mbili, sehemu ya ukubwa wa sinia ilibaki nyeupe.

"Hapo umeparuka, mwalimu," Vinko alimtania. "Nikuandikishe darasani na wanafunzi wapya?"

"Sijaruka kitu. Hicho kidude chako ndicho kimelewa."

Alirudia mara tatu. Kila mara, palepale, mkono uliinuka kimo cha vidole vinne, mwenyewe asijue. Vinko alipapima, hakukuta chuma chochote. Wakacheka, wakaenda kula maharage.

Januari 2023 uvimbe wa ubongo ulimnyang'anya maneno. Kitandani mkono wake wa kulia ulifagia blanketi mchana kutwa, kushoto, kulia, ukiinuka mahali pamoja. Vinko alikuja kumjulia hali, akautazama. Kesho yake alimfunga kihisi mkononi. Kompyuta ilichora kijani chenye doa jeupe, na alipouweka mchoro huo juu ya ule wa 2011, madoa yalikaa pamoja. Niliogopa, sioni aibu kusema.

Tuliomba ruhusa, pakachimbwa pale kwenye doa, shambani kwa jirani. Mifupa ilikuwa chini mita moja na nusu. Tarehe 19 Mei maabara ilithibitisha ni baba. Nilimwinamia nikamwambia, "Dada, tumempata. Alikuwa pale ulipoparuka."

Mkono ukatulia. Haukusogea tena hadi alipofariki, tarehe 22 Mei, saa nne asubuhi.

Ameacha mume wake Mladen, binti yake Lucija, mama yetu Jaga, na mimi mdogo wake, Zvonko. Majeneza ni mawili, mnayaona. Kaburi ni moja, kwa sababu wosia wake wa mwaka 2017 ulisema hivi: "Baba akipatikana, mlazeni kwangu."

Dada, amepatikana. Mpumzike kwa amani, wewe na yeye.