Jina la Kumnyamazisha Mtoto

Sogeeni, Metrine na Jeremy wanangu, na huyo mjukuu anayelia mleteni hapa kitandani, msimfiche nje kwa ajili yangu, maana mwenye kufa ni mimi, yeye analia kwa niaba. Kiwanja cha Kitale gawaneni sawa, na baba yenu mdogo Ronny aliyesogeza mpaka mwacheni na udongo wake, nao utamla, hilo khalas, limekwisha. La mtoto ndilo linaloninyima kufa.

Mnajua kwetu Bukusu mtoto akilia asikome, wazee humtajia majina ya wafu wa ukoo, moja moja, mpaka lifikiwe la yule anayetaka kurudi, naye hunyamaza. Tumemtajia Cooper babu, Cooper baba, hata Cooper yule mlevi, na wapi. Waingereza wa kale walimwita mtu kwa kazi yake: mhunzi Smith, mwokaji Baker, fundi wa mapipa Cooper, kisha wana wakarithi jina hata nyundo ilipopotea. Cooper mmoja akaja kulima Trans Nzoia, na babu yangu, aliyeswaga ng'ombe wake wa plau, akaandikishwa kwa jina la bwana shamba. Likamkolea, akawakataza wanawe kutamka majina ya kale, eti ya kishenzi. Na pipa hakuwahi kuunda hata moja.

Pale mlangoni pa jengo la Marina, hapa Dubai, nilipokuwa mlinzi, Mwingereza mmoja alisoma jina kifuani mwangu, akasema, "Mimi pia Cooper, sisi ndugu." Nikamwambia, "Sir, mbona tulipomzika baba hukuleta ng'ombe wa matanga kama ndugu?" Akacheka, nami nikacheka kumzidi, nikamfungulia mlango.

Jumatatu nilimpigia shangazi Nasimiyu, wa mwisho aliyeyajua majina yale. Simu ikapokelewa na waombolezaji. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga, lakini aliyeachishwa hawakumpa jina.

Basi shikeni haya. Mkiweza nirudisheni nyumbani. Msipoweza, nizikeni hukuhuku Dubai, mchanga ni mchanga. Jeremy, usigombane na dadako. Metrine, nikishakata pumzi mtajie mtoto jina langu, kwa kuwa nitakuwa mfu wenu halali. Halitamtuliza, najua... jaribu tu. Mungu awape afya, awape... awape usingizi. Na akizidi kulia, Metrine mama, msimtafutie jingine. Mbebeni. Mbebeni tu... kwa zamu.