Keziya Mwaisumo na Baiskeli Zisizokamatwa

Ndugu waombolezaji, ukimkuta mtu ameanguka kando ya njia, anakoroma vibaya na midomo imebadilika rangi, unasimama, au unapita haraka usije ukaitwa shahidi? Marehemu aliuliza hivyo kanisani, sokoni na hata harusini, na kwa kuwa hakuvumilia unafiki, familia nayo haitasema leo kwamba alikuwa mpole, maana hakuwa, na wengi wenu hapa mnayo makovu ya ulimi wake.

Keziya Ambwene Mwaisumo alizaliwa Ipinda tarehe 14 Machi 1941, akaanza shule hapo hapo mwaka 1949, akaishia darasa la nne mwaka 1952, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu ng'ombe walihitaji mchungaji na kaka zake walikuwa wavivu. Tarehe 7 Oktoba 1961 alifunga ndoa na mzee Hezroni, ambaye tunaye hapa, wakahamia Bondeni, wakajaliwa watoto wanne, Stella, Erasto, Lusungu na Elizabeth. Mwaka 1986, biashara ilipofunguliwa, alianza kuvusha mchele mpakani Kasumulu na kurudi na vitenge, na kule forodhani walikuwa wakionyana, "Mama Stella huyo anakuja, fungeni vifungo vya mashati."

Malori yaleyale yaliyotuletea sukari na sabuni yalituletea pia unga, ule wa kuvuta na kujidunga, na Lusungu, fundi redio mwenye mikono myepesi, ukamnasa. Tarehe 19 Juni 1994 alikutwa amekufa kando ya barabara, alama za tairi la baiskeli zikiwa pembeni yake, kwa hiyo kila mtu alielewa kwamba alikuwa akikimbizwa zahanati, kisha akateremshwa njiani, lakini nani alimteremsha, na kwa nini, hakuna aliyejua, au aliyekubali kujua. Swali hilo mama alilala nalo na kuamka nalo.

Ila hakukaa akilia tu. Aliona kwamba vijana huwakimbia wenzao waliozidiwa kwa sababu anayempeleka mgonjwa ndiye anayelala mahabusu, basi Februari 1996 akaingia kituo cha polisi na wanawake wa sokoni, akamwambia Sajini Yakobo, "Afande mwanangu, wanaobeba unawakamata, wanaokimbia unawaacha, sasa nani atabeba?" Sajini akajibu kwamba sheria ni sheria, mama akavuta benchi akakaa, akawa anarudi kila asubuhi na kapu la chakula, mpaka askari wakaanza kumuuliza, "Mama, leo umetuletea nini?" Hapo ndipo mkataba wa mdomo ulipozaliwa, kwamba baiskeli iliyobeba aliyezidiwa haikamatwi, anayeisukuma haulizwi jina, na anayetaka kuacha unga atalala kwenye ghala la kanisa na kufanya kazi kwenye mashamba ya kakao ya waumini, askari wakimjulia hali bila pingu. Mganga wa zahanati akawafundisha askari na wauza ndizi, pamoja, kumlaza mtu ubavu na kumpulizia pumzi, na kuacha ile busara yetu ya kumnywesha maziwa mtu aliyezimia, ambayo imezamisha watu nchi kavu.

Na siku ilipofanya kazi, ee ndugu zangu! Jumamosi, tarehe 3 Agosti 1996, mchana wa soko, Tuntufye, mmoja wa vijana walionaswa na unga, alianguka nyuma ya vibanda, pumzi hana, mama akapiga magoti akapuliza, akapuliza, mpaka kifua kikaitika, wauza ndizi wakampakia kwenye baiskeli, Sajini Yakobo mwenyewe akakimbia kandokando amemshika mgongo asidondoke, soko zima likiwafuata kwa vigelegele kama harusi, na kule zahanati Tuntufye akafumbua macho akauliza, "Kiatu changu kimoja kachukua nani?" Mama akamjibu, "Mshukuru Mungu kwanza, mwizi tutamtafuta," wakacheka mpaka mganga akawafukuza. Leo Tuntufye ana mke na shamba la mpunga, na ndiye aliyeongoza wachimba kaburi.

Mei 2001 mama alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitali ya wilaya, akarudishwa nyumbani, na kila Jumapili Sajini Yakobo alikuja kumtazama, naye kwa ulimi uliokuwa mzito alimuuliza, "Hivi mwanangu, nani alimteremsha?" na Sajini akainama, akamwekea mto vizuri. Alifariki Jumapili, tarehe 2 Septemba 2001, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Bondeni, wafanyabiashara wenzake wa pande zote mbili za mto Songwe, na askari waliokubali kulishwa, ndaga fijo, asanteni sana.

Wazee wetu hutaka neno lililofichwa litemwe kabla ya maziko, na jana jioni, wanaume wakiwa wamekaa uani, mmoja alisimama, akavua kofia, akasema mbele ya wote, kisha akaomba maneno yake yasomwe hapa, jina lake likiwemo. Pumzika, Mama Stella, umefanya kazi yako, lakini kabla hatujakufunika, sikia anavyosema Sajini Yakobo: "Walikuwa wamembeba vizuri, wanakimbia. Mimi ndiye niliyewasimamisha. Nikawaambia, mteremsheni huyo, amelewa tu, mwacheni apoe. Wao nikawaweka ndani, na baiskeli nikaichukua kuwa kidhibiti. Mama, ni mimi."